Kabla ya kuuza shamba, uliza nani anabeba hasara

Mwezi wa pili mwaka huu, mama mmoja anayeuza ndizi na parachichi katika soko la Uyole alinifuata nyumbani jioni, kajitanda kanga mbili kwa sababu ya baridi, mkononi ameshika simu ya binti yake. Binti nilimfundisha fizikia hadi kidato cha sita. Mama hakutaka hata kukaa.

“Mwalimu, nisomee hili tangazo, limeandikwa Kiingereza. Mtoto ananiambia kuna shirika la ndege linachukua vijana wa kusomea urubani. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu: shamba la Kiwira niuze, au nisiuze?”

Nimesoma matangazo mengi ya namna hiyo, maana vijana wa Mbeya huniletea kila yanapotoka. Yote yanaeleza umri, ufaulu wa hesabu na fizikia, urefu, uraia na tarehe ya mwisho. Swali la yule mama halijibiwi mahali popote, na mimi naona ndilo swali kubwa kuliko yote. Alikuwa anauliza, kwa lugha ya mtu anayejua maana ya kupoteza mtaji, nani anabeba hasara mambo yakiharibika katikati ya safari.

Kwa asiyefahamu, kadeti wa urubani ni kijana ambaye hajawahi kushika usukani wa ndege, anayechaguliwa kwa majaribio na usaili, akapelekwa chuoni kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na mwisho wake anategemewa kukaa kiti cha kulia cha ndege ya abiria kama rubani msaidizi. Hilo ndilo neno linavyopaswa kueleweka. Tatizo ni kwamba siku hizi neno “kadeti” linabandikwa juu ya mambo ambayo hayafanani hata kidogo.

Kuna programu ambayo shirika linalipa kila kitu, nawe unasaini mkataba wa kulitumikia kwa miaka kadhaa. Ukiondoka mapema, unarudisha gharama. British Airways walitangaza mpango wa aina hiyo mwaka 2023, wakasema watagharamia mafunzo ambayo kijana wa Uingereza angelazimika kuyalipia kiasi cha pauni 100,000. Hapo hasara iko kwa shirika. Ukishindwa mtihani wa njiani kwa nia njema, shirika ndilo limepoteza zaidi, na kwa sababu hiyo linachuja kwa ukali kabla ya kukupokea. Ule ukali ndio ulinzi wako. Lakini mpango ule ni wa watu wenye haki ya kuishi na kufanya kazi Uingereza bila masharti, kwa hiyo kijana wa Rungwe anayejaza fomu yake anapoteza bando tu. Mashirika mengi duniani hufanya vivyo hivyo: fedha zao ni za raia wao. Ethiopian Airlines wana chuo chao Addis Ababa ambacho kimefundisha marubani wa nchi nyingi za Afrika, na wa nje hulipiwa na wazazi au na mashirika ya kwao.

Kisha kuna programu ambayo nembo ya shirika imewekwa juu ya tangazo, ila ada unalipa mwenyewe chuoni. Shirika “litakufikiria” ukimaliza. Hilo neno “litakufikiria” ndilo la kulisoma mara tatu. Si ahadi ya ajira. Korona ilipoingia mwaka 2020 mashirika yakaegesha ndege, na makadeti wengi katika nchi tajiri walijikuta na mkopo mkubwa na kiti hakuna. Waliokuwa wakisomea leseni iitwayo MPL, ya rubani msaidizi wa ndege kubwa, iliyoanzishwa mwaka 2006 na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, waliumia zaidi, kwa sababu leseni hiyo hufundishwa kwa kufuata taratibu za shirika moja maalumu. Shirika likijitoa, hakuna pa kuipeleka kirahisi.

Na kuna chuo tu, cha kawaida, ambacho kimegundua kwamba neno “kadeti” linavuta wateja. Hapo hasara yote ni ya shamba la Kiwira.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu limetokea kwetu. Ndugu yangu anaishi Mafinga. Alikuwa na ekari za misonobari alizozipanda mwaka ambao mwanawe aliingia darasa la kwanza, na kila mtu Mafinga anajua hesabu hiyo: unapanda mtoto akiwa mdogo, unavuna akifika chuo. Kijana akasema anataka urubani. Chuo kimoja cha nje ya nchi kikamkubali kwa barua pepe baada ya siku nne, bila majaribio, bila usaili, na kikataka ada ya muhula wa kwanza na malazi kabla ya visa. Miti ikauzwa bado haijakomaa vizuri. Mnunuzi alijua kuwa ndugu yangu ana haraka.

Kijana alifika, akakaa darasani wiki tano, ndipo akapelekwa kupima afya. Daktari akamfungulia kile kitabu cha Ishihara, chenye kurasa za nukta za rangi zilizopangwa duara. Kuna ukurasa mmoja ambao mwenye macho ya kawaida husoma 74. Mwenye shida ya kutofautisha nyekundu na kijani husoma 21. Mpwa wangu alisoma 21, tena kwa kujiamini kabisa, akangoja ukurasa unaofuata. Alikuwa na miaka 19 na hakuna mtu, kuanzia zahanati hadi shule zote mbili alizosoma, aliyewahi kumwonyesha kitabu kile. Nyumbani tulizoea kumtania kwamba anachuma nyanya mbichi. Alipewa na kipimo kingine cha taa, nacho hakikumsaidia. Ada haikurudishwa, mkataba ulisema hivyo, katika ukurasa ambao hakuna aliyeusoma.

Daktari alimaliza kazi yake kwa dakika chache. Kazi hiyohiyo ingeweza kufanyika Tanzania kabla hata mti mmoja haujaanguka.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mzazi yeyote wa nyanda hizi, kabla ya fomu, kabla ya pasipoti, kabla ya kumpigia dalali wa shamba, ni huu: cheti cha afya cha daraja la kwanza. Hicho ndicho rubani wa biashara anatakiwa kuwa nacho, na hutolewa baada ya kupimwa na daktari anayetambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Wanapima macho, masikio, moyo, mapafu, damu, mkojo na historia ya kifafa au kuzimia. Miwani si kizuizi, na hapa naomba niseme kwa sauti, maana kuna vijana wazuri wamejitoa wenyewe kwa sababu ya miwani. Kiwango cha ICAO kinataka kila jicho lione 6/9 au zaidi, yaani lisome kwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida husoma kwa mita 9, kwa miwani au bila miwani. Kama unaona vizuri ukiivaa, uko ndani. Rangi ndiyo isiyo na miwani.

Gharama ya kupima ni kubwa kwa muuza ndizi, sikatai. Ongeza nauli ya basi zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam, na siku mbili za kulala kwa ndugu. Lakini ukiiweka kando ya ada ya urubani, ambayo kwa leseni ya biashara ni makumi ya maelfu ya dola, ni kama kununua kiberiti kabla ya kununua jiko.

Hesabu nyingine ambayo matangazo huipitia juujuu ni ya saa za kuruka. Kwa kanuni za ICAO, ambazo Tanzania inazifuata, leseni ya binafsi unaweza kuipata ukiwa na miaka 17 na saa 40 hewani, ya biashara ukiwa na miaka 18 na saa 200, au 150 kama umesoma kozi moja iliyounganishwa katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya juu, ile inayokuruhusu kuwa kapteni wa ndege kubwa, inataka miaka 21 na saa 1,500. Kati ya 200 na 1,500 kuna bonde ambalo vijana wengi wametumbukia. Wamerudi nyumbani na leseni halali, picha wamepiga wakiwa na mabega yenye mistari, na hawana kazi. Kampuni ndogo zinazorusha ndege za injini moja kuwapeleka watalii Msembe, hifadhini Ruaha, zinataka mtu mwenye saa, kwa sababu kampuni za bima zinataka mtu mwenye saa. Wakati huohuo leseni na cheti cha afya vinaendelea kuzeeka, na kila unapotaka kuvihuisha unatoa fedha tena.

Thamani halisi ya programu nzuri ya kadeti iko hapo. Watu hudhani thamani yake ni kusomeshwa bure. Kusomeshwa ni nusu. Nusu nyingine ni daraja la kukuvusha lile bonde: unamaliza, shirika linakufundisha aina ya ndege lililonayo, unakaa kiti cha kulia, na saa zinaanza kuhesabika huku unalipwa. Kijana aliyejisomesha kwa fedha za familia analipa ada hadi mwisho, kisha anaambiwa anunue na mafunzo ya aina ya ndege, makumi ya maelfu ya dola mengine, kwa ndege ambayo hana uhakika kama atairusha.

Hapa nyumbani picha imebadilika kwa miaka kumi hii, na lazima tuseme ukweli pande zote mbili. Air Tanzania ilianza kufufuliwa mwaka 2016 kwa ndege mbili za Q400. Leo ina Airbus A220, Boeing 787 na 737 MAX 9 pamoja na ndege ya mizigo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, kimenunua ndege zake za mafunzo ili kijana asilazimike kwenda Afrika Kusini au Marekani kwa kila kitu. Haya ni mambo ya kushangilia. Lakini ndege kuongezeka si sawa na viti vya marubani wapya kuongezeka kwa kasi hiyohiyo. Tuliona jinsi A220 zilivyolazimika kukaa chini kwa sababu ya matatizo ya injini yaliyozikumba ndege za aina hiyo duniani. Ndege ikikaa chini, rubani mzoefu hukosa saa, na yule mpya husubiri zaidi. Mzazi anayeambiwa “nchi inanunua ndege, mtoto hatakosa kazi” aombe kuonyeshwa mkataba.

Sasa nirudi kwa yule binti, maana yeye macho yake ni mazima, hesabu zake ni safi, na kilichonitia wasiwasi ni kitu kingine.

Nilimkalisha sebuleni nikamwuliza kwa Kiingereza aniambie alivyofika nyumbani kwangu siku ile. Swali la mtoto. Alinyamaza, akatabasamu, akatazama chini. Mtu huyu amepata A ya hesabu ya juu kwa mtihani ulioandikwa kwa Kiingereza chote! Anakisoma, anakiandika, hajawahi kukizungumza kwa dakika tano mfululizo na mtu anayemsikiliza. Hiyo ndiyo hali ya shule zetu, na si aibu yake. Lakini tangu mwezi wa tatu mwaka 2008 ICAO inataka rubani wa safari za kimataifa awe na angalau kiwango cha 4 kati ya 6 katika kuzungumza na kusikia Kiingereza, na wasaili wa kadeti wanakisikiliza tangu unaposalimia. Wanachopima si lafudhi. Kanuni yenyewe inasema lafudhi ya kwenu inaruhusiwa mradi isizuie kueleweka. Mnyakyusa anayesema Kiingereza kwa mahadhi ya Kinyakyusa na akaeleweka amefaulu. Anayeshindwa ni anayenyamaza.

Na kunyamaza huko kuna mizizi mirefu kuliko lugha. Watoto wetu tumewalea kuinama mbele ya mkubwa. Binti wa Rungwe anapiga magoti kumsalimia mjomba wake, na ni jambo jema, nisingependa life. Mkubwa akikosea, unasubiri aondoke ndipo useme, tena kwa mtu wa tatu. Ndani ya chumba cha marubani, desturi hiyo inaua. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca, kutoka Kolombia, iliishiwa mafuta karibu na New York baada ya kuzungushwa hewani kwa muda mrefu. Rubani msaidizi ndiye aliyekuwa akizungumza na waongozaji wa ndege walioko ardhini. Alisema mafuta yanaisha. Hakutamka neno moja linalotakiwa kisheria kutamkwa, kwamba wako katika dharura, na waongozaji hawakuwapa kipaumbele ambacho dharura hupewa. Watu 73 walikufa. Kila ninapoisoma ripoti ile namwona yule kijana akiongea kwa heshima, kwa upole, kama wanavyoongea wanafunzi wangu.

Ndiyo maana katika usaili wa kadeti kuna zoezi la kundi: mnakaa sita mezani, mnapewa tatizo na dakika ishirini. Vijana wetu huingia na kudhani anatafutwa kiongozi, kwa hiyo mmoja anapaza sauti na wanne wanakaa kimya kwa adabu. Wasaili wanamtafuta mwenye kusema “nadhani hapa tumekosea” bila kumvunjia mtu heshima, na mwenye kuambiwa hivyo asinune. Nilimwambia binti afanye mazoezi kwa mama yake sokoni. Akiona mama amekosea chenji, aseme pale pale, kwa sauti, huku akimwita mama. Wiki ya kwanza alishindwa.

Kwenye majaribio ya kompyuta sina wasiwasi naye. Hesabu za haraka za kichwani, kukumbuka namba, kufuata kitone kwenye kioo kwa mkono mmoja huku ukijibu maswali kwa mwingine: hayo ni mazoezi, na intaneti imejaa mifano. Tatizo ni pa kufanyia. Kijana wa Masaki ana kompyuta na fimbo ya michezo chumbani kwake. Wa kwetu analipia kompyuta kwa saa pale Mwanjelwa.

Kuna mahali pamoja tu ambapo mtoto wa nyanda za juu anatangulia, na nashangaa kwamba hatumfundishi kulitumia. Anaishi ndani ya somo. Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2012, uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia ina zaidi ya kilomita tatu. Kwa nini ndefu hivyo? Hewa ya juu ni nyepesi, bawa linapata pa kushika pachache, injini nayo inavuta hewa kidogo. Mchana wa joto la nyuzi 26, hewa pale Songwe inakuwa nyepesi kama ile ya urefu wa zaidi ya mita 2,000, kwa sababu joto la kawaida kwa mwinuko ule lilipaswa kuwa nyuzi 6 hivi. Hesabu hiyo tuliifanya ubaoni. Mtoto aliyepanda mlima wa Kitonga nyuma ya lori linalolia kwa mzigo, au aliyesubiri ukungu wa barabara ya Tukuyu uinuke ndipo basi liondoke, anaijua tayari kwa mwili wake. Akiulizwa na msaili kwa nini rubani wa Songwe anapunguza mzigo siku ya joto, aeleze kama mtu wa hapa.

Kuhusu matapeli sitarefusha. Ujumbe wa simu unaosema umechaguliwa na utume ada ya vipimo kwenye namba ya mtu binafsi, ufute.

Ninachokidai mimi ni kidogo. Shirika la taifa, TCAA na NIT wanapotafuta marubani wa kesho, hatua ya kwanza ya mchujo ifanyike Mbeya na Iringa, si Dar es Salaam peke yake. Leo kijana wa Ludewa au Makete anachujwa na nauli kabla hajachujwa na akili. Ndege inatua Songwe. Iwabebe wasaili wawili na daktari mmoja, ukumbi upo MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, kompyuta zipo, na kitabu cha Ishihara kinaingia kwenye mkoba wa mkononi. Na hata kabla ya hapo, kitabu hicho kimoja katika kila shule yenye mchepuo wa fizikia na hesabu kingeokoa mashamba mengi ya misonobari.

Lile tangazo la mwezi wa pili lilikuwa la aina ya pili: nembo ya shirika juu, ada chini, na neno “litakufikiria” katikati. Nilimsomea mama sentensi hiyo kwa Kiswahili mara mbili. Alikaa sasa, akamwomba binti maji ya kunywa. “Basi shamba libaki,” alisema. Aliuza mikungu ya ndizi ya wiki tatu, binti akaenda Dar es Salaam kwa basi la usiku, akasoma 74 bila kusita, akarudi na cheti chake. Kina miezi kumi na miwili ya uhai, na miwili imeshapita. Jumamosi huja kwangu tukazungumza Kiingereza hadi adhuhuri, mama yake akikaa pembeni akimenya ndizi, na juma lililopita binti alinikatiza katikati ya sentensi kuniambia nimekosea namba.